Ng'ombe wa Pembe Ndefu Asifukuzwe Zizini

Wasomaji wenzangu, mwenye sarafu ya shilingi 100 mfukoni na aitoe, aitazame vizuri. Upande mmoja ataona nembo ya taifa, na upande wa pili ataona ng'ombe mwenye pembe kubwa. Sarafu hiyo twaipitisha mkononi kila siku, twainunulia peremende, twaiangusha chini ya vitanda bwenini, wala hatuulizi mnyama yule ni nani na alipata vipi heshima ya kukaa juu ya fedha ya nchi. Huyo ni ng'ombe wa Ankole. Nataka kusema maneno machache juu yake, kwa sababu katika nchi yake mwenyewe anapungua. Wako watu wasemao ya kuwa siku zake zimekwisha, na heri aende zake. Wako wengine wasemao ya kuwa yeye ni urithi wa mababu, asiguswe wala asiwekwe pamoja na ng'ombe wa kigeni. Mimi naona pande zote mbili zimesema nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ndiyo nitakayojaribu kuieleza.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe, maana wengi wetu tuliozaliwa au kulelewa Kampala twayajua maziwa tangu yanapofika katika mfuko wa plastiki, wala hatujui yalikotoka. Ankole iko kusini-magharibi ya Uganda. Kutoka hapa mpaka Mbarara, mji wake mkubwa, ni mwendo wa kilomita 270 hivi kwa barabara ya Masaka. Ukiisha kupita Lyantonde utaingia katika saza la Nyabushozi, lililo katika wilaya ya Kiruhura. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Nchi yake ni ya vilima vya majani na miti ya miiba, na mvua yake si nyingi kama ya kwetu kando ya ziwa. Njiani utapishana na malori ya tangi yaletayo maziwa mjini. Na ukifika Mbarara utakuta sanamu la ng'ombe wa pembe ndefu limesimama katika mzunguko wa barabara, kana kwamba ndiye mwenyeji awapokeaye wageni.

Katika nchi ile kazi ya maziwa haikuanza na viwanda. Ilikuwa na taratibu zake, na watu waliisomea tangu utoto kama sisi tusomavyo hesabu. Kazi ya kukamua ilikuwa ya wanaume. Kwanza ndama aliachiwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akaondolewa, na mkamuaji akaanza kazi. Kutunza maziwa, kuyagandisha na kuyasukasuka mpaka yatoe siagi ilikuwa kazi ya wanawake. Chombo cha maziwa kiliitwa ekyanzi. Huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, nacho hufunikwa kwa kifuniko kilichosukwa vizuri sana, chenye ncha kama paa la msonge. Chombo hicho hufukizwa kwa moshi wa majani makavu kabla ya kutiwa maziwa, ili kiwe safi na maziwa yapate harufu nzuri. Siku hizi wataalamu wa usafi hutufundisha ya kuwa chombo cha maziwa lazima kiuawe vijidudu kabla ya kutumiwa. Mabibi wa Ankole hawakuwa na darubini ya kuvionea vijidudu, lakini kazi yenyewe waliijua.

Maziwa yaliyoganda hutiwa katika kibuyu kikubwa kiitwacho ekishaabo, nacho hutikiswa mbele na nyuma mpaka siagi itengane. Siagi huyeyushwa ikawa samli. Na samli iliyowekwa hupigwa kwa maji baridi na chumvi ya mawe mpaka iwe nyeupe na laini, ikaitwa eshabwe. Hicho ndicho kitoweo cha heshima, na harusi ya Ankole isiyo na eshabwe huonekana ina kasoro. Tena walikuwa na miiko mingi juu ya maziwa. Mtu aliyekula vyakula fulani hakuruhusiwa kunywa maziwa siku ile, kwa kuwa waliamini ya kuwa ng'ombe atadhurika. Hata ngoma ya kifalme ya nchi ile, iitwayo Bagyendanwa, ilikuwa na kundi lake la ng'ombe, na maziwa ya kundi hilo yaliwekwa mbele yake.

Ng'ombe wenyewe hawakuitwa "ng'ombe" tu. Kila rangi na kila namna ya madoa ilikuwa na jina lake. Yule wa rangi nyekundu iliyoiva, ya kukaribia hudhurungi, huitwa bihogo, naye ndiye aliyependwa kuliko wote. Mchungaji mzuri aliweza kumtambua ng'ombe mmoja katika kundi kubwa kwa jina, kwa rangi, kwa namna pembe zilivyopinda, na kwa habari za mama yake na bibi yake. Maarifa hayo ni elimu kamili, ila hayakuandikwa. Nitarudi kwenye neno hili la kuandika, maana kwa maoni yangu ndipo penye kosa kubwa.

Sasa tutazame jinsi mambo yalivyobadilika. Kwenye mwaka 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe wengi mno, na Ankole ilibaki na mabaki ya makundi yake. Nusu karne baadaye wakaja mbung'o. Waliingia Nyabushozi, na watu wengi wakahama pamoja na wanyama wao. Serikali ikakata vichaka na kuua wanyama wa porini ili kuwafukuza mbung'o. Halafu katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, nchi iliyosafishwa ikakatwa kuwa ranchi kubwa. Waliopata ranchi walikuwa wachache, na wengi waliobaki wakawa wahamaji katika nchi yao wenyewe, mpaka serikali ilipoanza kuzigawa upya ranchi hizo tangu mwaka 1990. Tena mwaka 1983 sehemu ya Ziwa Mburo ilifanywa hifadhi ya taifa, na wachungaji wakatolewa. Baadaye sehemu ya ardhi ya hifadhi ilirudishwa kwa watu. Hivyo machunga, ambayo zamani hayakuwa na mpaka, yakawa na nyua, hati na majirani. Mtu aliyezoea kuhama na mia akajikuta ana kipande cha ardhi kisichoweza kulisha hamsini.

Na huku mjini nako palikuwa na mambo yake. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kampala ilitegemea sana maziwa yaliyoletwa kutoka Kenya. Mwaka 1967 serikali iliunda Shirika la Maziwa ili nchi ijitegemee. Zikaja taabu za miaka ya 1970 na vita vya mwaka 1979, kazi ikaharibika, na katika miaka ya 1980 maziwa mengi ya viwandani hapa Kampala yalikuwa unga wa msaada kutoka ng'ambo uliokorogwa kwa maji. Baadaye vituo vya kupozea maziwa vikajengwa na kutengenezwa huko mashambani, sheria ya mwaka 1998 ikafungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na mwaka 2006 kiwanda cha Shirika kikakodishwa kwa kampuni ya Sameer. Siku hizi Uganda huuza maziwa na unga wa maziwa katika nchi za nje. Wengi wetu twakumbuka habari za Januari mwaka 2020, maziwa ya Uganda yalipokamatwa Kenya na serikali mbili zikabishana. Ubishi ule haukupendeza, lakini ulionyesha jambo moja: aliyekuwa mnunuzi amekuwa muuzaji. Hayo si mambo madogo kwa nchi iliyokuwa ikinywa unga wa msaada.

Basi ni nani aliyeleta maziwa hayo yote? Si ng'ombe wa pembe ndefu peke yake. Tuseme kweli. Waliojaza malori ya tangi ni hasa ng'ombe weusi kwa weupe wa asili ya Friesland, na machotara wao. Ng'ombe wa Ankole hutoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake. Chotara aliyelishwa vizuri hutoa lita kumi au zaidi. Mfugaji mwenye ardhi ndogo hana haja ya kuwa bingwa wa hesabu ili ajue la kufanya. Na wengi wa wanafunzi wanaotoka sehemu zile karo zao hulipwa kwa ng'ombe hao wa kigeni. Kwa hiyo mtu asimcheke mfugaji wa Kiruhura kwa kuuza ng'ombe wa babu yake. Pembe ndefu ni nzuri kutazama, lakini hakuna mhasibu wa shule apokeaye pembe.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya maneno, nami naikubali. Sasa nieleze ile ya pili.

Tuchukue wafugaji wawili. Mmoja ana ng'ombe kumi wa Ankole, na kila mmoja hutoa lita mbili: jumla lita 20. Wa pili ana machotara wawili, na kila mmoja hutoa lita kumi: jumla lita 20 vilevile, na kwa ardhi ndogo zaidi. Mpaka hapo wa pili amemshinda wa kwanza. Lakini tuendelee. Chotara lazima aogeshwe dawa ya kupe kila mara, kwa sababu kupe wa masikioni huleta ndigana kali, na ugonjwa huo humwua upesi ng'ombe wa kigeni. Ng'ombe wa Ankole naye huugua na hata kufa, hasa ndama, lakini yeye na kupe wamejuana kwa vizazi vingi. Dawa ni ghali. Tena katika miaka ya karibuni imeonekana huko kusini-magharibi ya kuwa dawa zilizokuwa zikiwaua kupe haziwaui tena kama zamani, na wafugaji huzichanganya kwa kukata tamaa. Sasa akifa ng'ombe mmoja kwa huyu wa kwanza, amepoteza sehemu moja katika kumi ya mali yake. Akifa mmoja kwa huyu wa pili, amepoteza nusu. Hesabu ya debe la maziwa ni ya siku moja, na mfugaji huishi miaka mingi.

Halafu kuna ukame. Mwezi wa Septemba mwaka 2007 ulifanywa mkutano wa mataifa huko Interlaken, Uswisi, juu ya wanyama wa kufugwa duniani. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi walitoa mfano wa Uganda. Walisema ya kuwa katika ukame uliokuwa umepita, wafugaji waliobaki na ng'ombe wa Ankole waliweza kuwaswaga mbali mpaka penye maji, na baadhi ya wale waliokuwa wamewabadili wote kwa ng'ombe wa kigeni walipoteza kundi zima. Walionya pia ya kuwa ng'ombe wa Ankole aweza kutoweka katika miaka 20. Miaka hiyo inatimia mwaka 2027. Twashukuru ya kuwa hajatoweka. Lakini makundi ambayo ni ya Ankole tupu yamepungua sana, na pale penye fahali mmoja tu wa kigeni, kizazi cha tatu huwezi tena kumjua bibi yake kwa sura.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo haisemi ya kuwa msala ni mbaya. Yasema kwamba msala ni wa kupita, na usiku ukiingia utataka mahali pa kulala. Friesian ni ng'ombe mwema sana mvua ikinyesha, dawa ikipatikana, na bei ya maziwa ikiwa nzuri. Mambo hayo matatu yakikosekana kwa pamoja, mfugaji atamtafuta yule mwenye pembe, na huenda asimpate.

Tena kuna jambo ambalo sisi hulisahau. Twadhani ya kuwa ng'ombe wa Friesland alizaliwa hivyo alivyo, na wa kwetu naye alizaliwa hivyo alivyo, na kwamba Mungu alimpa mmoja maziwa na mwingine pembe. Sivyo. Waholanzi walichagua. Mwaka 1874 walianzisha daftari la taifa la kuandika ng'ombe wao. Wakaandika huyu ni mtoto wa nani, ametoa maziwa kiasi gani, na fahali yupi ameleta mitamba mizuri. Waliendelea na kazi hiyo vizazi kwa vizazi. Wazee wa Ankole nao walichagua, na walichagua kwa uhodari, lakini walichagua rangi, mwendo, upole na pembe, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyapenda na waliyohitaji. Ni mara chache mno mtu kuwachagua kwa maziwa kwa daftari na kipimo. Basi twawezaje kusema ya kuwa ng'ombe huyu ameshindwa mtihani, na hali hajaingizwa katika chumba cha mtihani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na jambo la kutia haya ni kwamba wako watu wa mbali walioliona hilo kabla yetu. Zamani ng'ombe wa pembe kubwa kutoka sehemu zetu walipelekwa katika bustani za wanyama za Ulaya, na wengine wakafika Marekani. Huko Marekani leo wako wafugaji wanaowaita Ankole-Watusi, nao wana chama chao cha kuwaandikisha tangu mwaka 1983. Itakuwa ajabu kubwa wajukuu wetu wakilazimika kupanda ndege kwenda kutazama ng'ombe wa shilingi 100.

Sasa nataka kugusa neno ambalo watu hulikwepa. Mtu akisema "urithi wa Ankole" wako watakaonuna, nao wana sababu. Zamani katika nchi ile ng'ombe walikuwa mali ya Wahima, na Wairu walikuwa wakulima, na katika mambo mengi mkulima aliwekwa chini. Ng'ombe wazuri wenye kuzaa hawakuwa haki yake. Maziwa yalikuwa alama ya cheo. Ukimwambia mjukuu wa mkulima ya kuwa lazima ajivunie pembe ndefu, aweza kukujibu ya kuwa pembe hizo zilimchoma babu yake. Tukificha habari hiyo tutakuwa tumeandika wasifu wa ng'ombe, wala si historia ya watu.

Lakini nauliza: ekyanzi lilichongwa na nani? Mafundi wa kuchonga miti walikuwa Wairu. Vyungu na zana za chuma zilitengenezwa na nani? Ni hao hao. Mkulima alileta ulezi na pombe, mchungaji akaleta maziwa na samli, na hakuna nyumba iliyoishi kwa kazi ya upande mmoja tu. Maziwa ya Mhima yalikaa katika chombo cha Mwiru, na eshabwe ililiwa na ugali wa ulezi wa Mwiru. Kwa hiyo urithi huu, ukitazamwa vizuri, ni kazi ya mikono mingi, na hata walionyimwa haki waliujenga. Siku hizi mtu ye yote mwenye ardhi na bidii hufuga ng'ombe huko, awe wa ukoo gani, na wanawake wengi wana makundi yao wenyewe. Hayo ni mabadiliko mema. Tuhifadhi ng'ombe, tuhifadhi ufundi, lakini ule ubaguzi wa zamani tuuache ufe bila matanga.

Wako watakaosema: kufuga pembe ndefu ni anasa ya matajiri na wakubwa. Ni kweli kwamba Rais Museveni anajulikana kwa ng'ombe wake wa Ankole huko Kisozi, na wakubwa wengine hufuata. Mtu mwenye maili za ardhi aweza kufuga apendacho. Lakini nchi haiwezi kutegemea mapenzi ya wenye nafasi, kwa sababu mapenzi hayarithiwi kama mashamba. Baba hupenda ng'ombe, mtoto hupenda magari. Kwa sababu hiyo naona ya kuwa kazi hii lazima iwe na mpango, nami nitataja mambo manne.

La kwanza ni la mfugaji. Asichanganye kundi lote. Mwenye machotara ishirini na awe na Ankole watano walio safi, na majirani kumi washirikiane fahali mmoja safi aliyechaguliwa. Hao watano hawatamfilisi. Ni kama akiba ya nafaka ghalani: huili leo, lakini ukikosa kuwa nayo siku ya njaa utajuta.

La pili ni la serikali. Sheria ya mwaka 2001 iliunda kituo cha taifa cha mbegu za wanyama, chenye makao yake Entebbe, na katika shamba la Nshaara huko Nyabushozi waliwekwa ng'ombe wa Ankole ili mbegu yao isipotee. Hilo ni jema. Lakini kuhifadhi peke yake ni sawa na kufunga kitabu ndani ya sanduku. Naomba daftari lifunguliwe: mitamba wapimwe maziwa na mafuta yake, walio bora wachaguliwe, na fahali wao wapewe wafugaji kwa bei ndogo. Kama Waholanzi walianza mwaka 1874, sisi tukianza leo hatutakuwa tumechelewa kuliko tukianza kesho.

La tatu ni la soko. Maziwa ya Ankole ni machache lakini yana mafuta mengi, na samli yake ni nzuri sana. Lakini yakifika katika tangi hutiwa pamoja na mengine, na bei ni ya lita tu. Mfugaji hapati hata senti moja zaidi kwa mafuta hayo. Samli ya Ankole na eshabwe zikiuzwa hapa Kampala kwa jina lake, katika chombo safi chenye alama yake, yule ng'ombe wa lita mbili atajilipia majani yake. Watu wa mjini hulipa fedha nyingi kwa siagi iliyosafiri baharini, sioni kwa nini wasilipe kwa samli ya kilomita 270.

La nne ni letu wanafunzi, na hilo halihitaji fedha. Lugha ya maziwa inakufa upesi kuliko ng'ombe wenyewe. Majina ya rangi, ya vyombo, ya magonjwa na ya majani yako vichwani mwa wazee, na kila mzee akizikwa huenda na kamusi yake. Mwanafunzi wa Nyabushozi akienda nyumbani likizo na amwulize bibi yake maneno ishirini tu ya kazi ya maziwa, ayaandike pamoja na maana yake. Wa Teso naye na aandike ya kwao, na wa Karamoja vilevile, maana maziwa si ya Ankole peke yake. Tukiyaleta pamoja katika gazeti hili la shule, kwa mwaka mmoja tutakuwa na jambo ambalo hata vyuo vikubwa vitaomba kulisoma. Na wasio na bibi mashambani waende Nyumba ya Makumbusho ya Uganda, hapa hapa Kampala, au wakipita njia ya Mbarara wasimame Igongo, karibu na Biharwe, ambako mambo ya Ankole yamewekwa ili watu wayaone.

Hapa pana neno la kuwaambia wenzetu wa mjini. Nimesikia mara nyingi mwanafunzi akitaka kumdhihaki mwenzake humwita "mchunga ng'ombe". Mwenye kusema hivyo, asubuhi hunywa chai ya maziwa, na mchana hununua mtindi, ule tuuitao bongo, akaona ni mtamu. Anadharau mkono na kupenda kikombe. Na mtoto wa mchungaji, akisikia dhihaka hiyo kila siku, huanza kuona haya. Hujifanya hajui kukamua, hasemi lugha yao mbele ya watu, na akirudi nyumbani humtazama baba yake kwa macho ya mgeni. Hapo ndipo urithi hupotea. Sotoka iliua ng'ombe wengi lakini watu waliwafuga tena, kwa sababu walikuwa bado wakiwapenda. Aibu ikiisha kumaliza kazi yake hapabaki mtu wa kuanza upya.

Watu husema ya kuwa pembe zile kubwa ni mzigo bure. Lakini damu ipitayo ndani yake hupoa, na mnyama hupata nafuu katika jua kali. Wahenga walisema ya kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye. Nami naongeza ya kuwa wala haelemewi na pembeze. Ni sisi tulioelemewa na haraka. Tumepata maziwa mengi, na ni vizuri tuendelee kuyapata. Friesian na akae zizini, alishwe, aogeshwe na kushukuriwa. Ninachoomba ni nafasi ndogo kando yake kwa yule wa zamani, pamoja na daftari, jina na bei yake.

Haya ni maoni yangu. Mwenzangu aliye na maoni mengine, hasa yule atokaye katika nyumba ya wafugaji na ajuaye kuliko mimi, na achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo.